Mwanga Umefika Ufukweni, Nani Atauelekeza Mbagala?



Leo naomba tuweke pembeni siasa na mpira. Nina historia ya kioo. Siyo kile cha kujitazamia asubuhi kabla ya kugombania daladala. Nazungumzia kioo kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho kazi yake ni moja tu: kupokea mwale wa leza na kuugeuza uende pale unapotakiwa. Najua mtu wa Tandika au Tegeta ataniuliza, "Sasa hiyo inanihusu nini?" Inakuhusu, kwa sababu inagusa bando unalonunua kila siku. Vuta kiti.

Naanzia mbali kidogo, kisha turudi nyumbani. Kinshasa na Brazzaville ni miji mikuu ya nchi mbili inayotazamana, katikati umepita Mto Kongo. Ukisimama ukingoni upande mmoja unayaona majengo ya upande wa pili. Lakini kwa miaka mingi intaneti iliyotaka kutoka mji mmoja kwenda mwingine ililazimika kuzunguka zaidi ya kilomita 400, kwa sababu mto ule una kina kirefu na kasi ya kutisha, na kulaza waya pale si mchezo. Matokeo yake intaneti ikawa ghali mara tano zaidi upande wa Kinshasa. Watu wanaonana kwa macho, bei hazionani.

Sisi wa Dar tunaielewa hali hiyo vizuri. Kabla Daraja la Nyerere halijafunguliwa Aprili 19, 2016, mtu wa Kigamboni ambaye pantoni ilimgomea alikuwa na njia moja: kuzunguka kwa Kongowe na Mbagala ndipo aingie mjini. Jengo analokwenda analiona kabisa ng'ambo ya maji, lakini nauli na saa anazopoteza ni za safari ya mkoani. Umbali haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa njia.

Mwaka 2021 Kinshasa na Brazzaville waliunganishwa kwa mwale wa leza uliopita juu ya mto. Hakikulazwa chochote majini. Ili tuone muujiza ule ulitoka wapi, inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka 140.

Wazo la kutuma habari kwa kioo ni la zamani. Mwaka 1869 Mwingereza Henry Mance, aliyekuwa akifanya kazi ya simu za maandishi kule Karachi, alitengeneza heliografu. Ni kioo juu ya miguu mitatu. Unalinasa jua, unakigusa kioo kidogo, mwanga unamulika na kuzimika kwa herufi za Morse, na mwenzako aliye mlima wa pili anasoma. Majeshi yalikipenda chombo hiki kwa sababu hakihitaji waya, na katika Vita Kuu ya Kwanza kilitumika hata huku kwetu Afrika Mashariki. Lakini kilikuwa na ugonjwa ambao ndio kiini cha stori yangu yote: mkono ukitetemeka kidogo tu, mwanga unamkosa mlengwa. Jua lilikuwapo la bure na la kutosha. Kazi ilikuwa kulielekeza.

Mwaka 1880 akaja Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akiwa na msaidizi wake Charles Sumner Tainter. Pale Washington walitengeneza chombo walichokiita fotofoni. Unaongea nyuma ya kioo chembamba sana, sauti inakitikisa, mwanga wa jua unaorushwa na kioo kile unatikisika pamoja na sauti yako. Upande wa pili kuna kipande cha seleniamu kinachougeuza mwanga kuwa umeme, na umeme kuwa sauti. Waliongea hivyo kwa umbali wa mita 213. Bell alikiona chombo hiki kuwa uvumbuzi wake mkubwa kuliko hata simu. Dunia haikumsikiliza. Wingu likipita, mazungumzo yamekwisha.

Kwa hiyo mwanga ukawekwa kando, na waya wa shaba ukatawala. Kwenye hilo hatukuachwa nyuma: mwaka 1879 tayari Zanzibar ilikuwa imeunganishwa kwa waya wa baharini, Aden kwa upande wa kaskazini na Msumbiji hadi Durban kwa upande wa kusini. Shikeni hilo kichwani, waya ulifika ufukweni mapema kabisa. Kutoka ufukweni kwenda bara ndiko kulikochukua miaka.

Sasa turuke hadi Mei 16, 1960. Kule Malibu, California, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani kwa kutumia kijiti cha yakuti nyekundu. Tochi ya kawaida hutawanya mwanga ukumbi mzima. Leza inaubana ukaenda kama uzi ulionyooka. Mwaka 1966 Charles Kao akaonyesha kwamba mwanga huo unaweza kusafiri mbali ndani ya uzi wa kioo safi, kazi iliyokuja kumpa Nobel mwaka 2009.

Mwaka huo huo wa 2009, Julai 23, mkongo wa SEACOM ulizinduliwa, na Dar es Salaam ikawa miongoni mwa vituo vyake. Mwaka uliofuata ukaja EASSy. Waliokuwa wakienda intaneti kafe miaka ile wanakumbuka maisha ya kabla yake. Mawasiliano yetu mengi yalipanda hadi kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta na kushuka tena, kwa hiyo swali na jibu lake vilikula zaidi ya nusu sekunde hata kama mashine yako ni mpya. Unafungua barua pepe, unakwenda kununua soda, unarudi, bado inafunguka. Na saa inahesabika!

Mkongo uliua kero ile. Lakini mkongo ni mtu anayefika bandarini. Kutoka bandarini hadi Chanika, Mbagala, Goba au Bunju kuna safari nyingine, na safari hiyo ina mahandaki ya kuchimba, vibali vya kuomba, barabara za kukata na mafundi wa kulipa. Faiba hupenda kuanza penye ofisi na wateja wa kulipa kila mwezi. Pengine pote simu yako inategemea mnara, na minara mingi inapokezana data kwa redio, yale madishi ya duara unayoyaona yametazamana juu ya mapaa. Mwanga uliokuja na kasi yote chini ya Bahari ya Hindi unafika mjini, unashuka, unapanda redio na kupanga foleni kama abiria wa Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni.

Hapo ndipo kioo kinaporudi.

Mwaka 1980 Kurt Petersen wa IBM alichapisha kazi iliyoonyesha kioo kilichochongwa ndani ya silikoni, malighafi ile ile ya chipu za kompyuta, kikiwa kimening'inia kwenye vijiti viwili vyembamba vya silikoni hiyo hiyo. Vijiti vile ndiyo bawaba yake. Ukipeleka umeme chini ya upande mmoja, kioo kinavutwa na kuinama. Ukiukata, bawaba inakirudisha. Hakuna mota wala gia, na hakuna grisi ya kupaka. Kwa kuwa kinatengenezwa kama chipu, unaweza kuchonga kimoja au laki moja kwa pamoja.

Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa Texas Instruments akaipeleka mbele. Alitengeneza chipu ambayo juu yake vimepangwa vioo vyenye upana wa karibu elfu 16 za milimita, yaani unywele mmoja unaweza kufunika vioo kadhaa. Kila kioo kina kumbukumbu yake ndogo chini inayokiambia "inama huku" au "inama kule". Kikiinama huku, mwanga unakwenda ukutani. Kikiinama kule, unatupwa pembeni na nukta ile inakuwa nyeusi. Ukitazama mechi kwenye ukuta wa baa moja pale Kinondoni kwa projekta, kuna uwezekano mkubwa kwamba goli lile unaletewa na mamia ya maelfu ya vioo vinavyopepesa maelfu ya mara kwa sekunde. Mwaka 2015 Hornbeck alipewa Oscar kwa kazi hiyo. Mhandisi wa chipu na sanamu ya Oscar mkononi!

Lakini kioo cha Hornbeck kina misimamo miwili tu, ndiyo na hapana. Kuelekeza leza kunataka kioo kinachoweza kusimama popote katikati na kutulia hapo. Na hapa, wadau, ndipo kazi ya elektroniki ilipowatoa watu jasho.

Kwanza, vioo vingi vya namna hii vinataka makumi ya volti, na vingine hupita volti 100, wakati kompyuta inayoviamuru inaongea kwa volti 3 au 5. Kwa hiyo lazima kuwe na sakiti ya kupandisha volti bila kuleta mtikisiko, maana mchafuko mdogo wa umeme unakuwa mtetemo wa kioo.

Pili, nguvu ya umeme huo haiongezeki kwa mpangilio wa kistaarabu. Kioo kikizidi kukaribia sahani inayokivuta, nguvu inapanda kwa kasi, na ukivuka kiwango fulani kioo kinanaswa ghafla na kubamiza chini. Dawa yake mojawapo ni kuvuta pande mbili kwa wakati mmoja: unaongeza volti huku, unapunguza kule, kama watu wawili wanaoshikilia turubai la shughuli upepo usilichukue.

Tatu, bawaba ni springi. Ukikiamuru kioo kiende haraka, kinafika, kinapitiliza, kinarudi, kinapitiliza tena, kama mlango wa duka uliosukumwa kwa hasira. Sakiti inabidi iijue tabia ya kioo chake na kulainisha amri ili kifike na kutulia mara moja. Nne, lazima kuwe na jicho la kuangalia kama mwale umefika kweli, na kurekebisha bila kuchoka.

Kwa nini usumbufu wote huu? Fanya hesabu. Kioo kikigeuka kwa nyuzi 0.001, mwale unageuka mara mbili yake. Kwenye kivuko cha nusu kilomita utahama karibu sentimita 2. Kwenye kilomita 4.8 utahama karibu sentimita 17. Kosa ambalo jicho haliwezi kuliona hapa, kule ng'ambo ni kukosa kabisa.

Mwisho wa miaka ya 1990 watu waliamini kioo kidogo kitatajirisha dunia. Novemba 1999 kampuni ya Lucent ilitangaza mashine iliyoitwa LambdaRouter, yenye vioo vidogo 256 vya kuhamisha mwanga kutoka uzi mmoja wa faiba kwenda mwingine bila kuugeuza kwanza kuwa umeme. Wazo lilikuwa zuri, majira yalikuwa mabaya. Soko la mawasiliano liliporomoka mwaka 2001 na mashine ile ikafa na wenzake. Lakini wazo halikufa. Mwaka 2022 Google walichapisha maelezo ya swichi wanazotumia kwenye vituo vyao vya data, kila moja ikiwa na milango 136 na vioo vidogo vinavyoelekeza mwanga. Huenda video unayoitazama Temeke usiku huu imewahi kudundia kwenye kioo cha aina hiyo kabla haijaanza safari ya kuja kwako.

Sasa turudi kwetu Afrika, na tuanzie angani. Kampuni mama ya Google ilikuwa na mradi wa Loon, maputo makubwa ya kurusha intaneti. Julai 2020 Loon ilianza huduma ya biashara Kenya ikishirikiana na Telkom Kenya. Januari 2021 ikatangazwa kufungwa, gharama hazikulipa. Lakini wahandisi walikuwa wamejifunza kuunganisha puto na puto kwa leza, na kikundi kilichoongozwa na Mahesh Krishnaswamy, aliyekulia Chennai, India, kikauliza swali rahisi: mbona tusiishushe chini? Mradi ukaitwa Taara. Novemba 2020 walitangaza ushirikiano na Econet na Liquid Telecom, wakianzia Kenya.

Kisha ukaja Mto Kongo. Mwaka 2021 kifaa kimoja kiliwekwa Brazzaville na kingine Kinshasa, kilomita 4.8 katikati. Ndani ya kila kifaa mna mfumo wa vioo, vihisi na programu vinavyotafutana na mwenzake na kushikana naye hata mnara ukiyumba kwa upepo. Vioo hivi si vidogo kama vya kwenye chipu, lakini kazi ni ile ile na hesabu ni ile ile. Uwezo wake ni hadi gigabiti 20 kwa sekunde, na wenyewe walieleza kwamba usahihi unaotakiwa ni kama kuupeleka mwale mwembamba kama kijiti cha kulia chakula cha Wachina upige shabaha ya sentimita 5 iliyo kilomita 10 mbali. Katika siku 20 za mwanzo zilipita karibu terabaiti 700 za data, na kiungo kilikuwa hewani asilimia 99.9 ya muda. Piga hesabu, ni kama dakika 29 tu za kukatika kwa siku zote 20. Wangapi kati yetu tunaweza kusema hivyo kuhusu umeme wa nyumbani?

Nisije nikauza mbuzi kwenye gunia. Leza ina adui zake. Ukungu unaimeza, vumbi na moshi vinaidhoofisha, mvua kubwa ya masika inaisumbua, na jengo jipya la ghorofa likiota katikati, mazungumzo yamekwisha kama yale ya Bell. Kwa hiyo haiji kuua faiba. Inakuja kujaza mahali ambapo faiba inashindwa kupita au haioni faida ya kupita. Faida yake nyingine ni ya kisheria: mwanga hauko kwenye yale masafa ya redio yanayogawanywa kwa vibali, ingawa anayeuza huduma bado anahitaji leseni kama wengine.

Na historia haijasimama. Februari 2025 Taara walionyesha chipu yenye ukubwa wa milimita 13, kama ukucha, inayoelekeza mwale bila kioo chochote kinachosogea. Inafanya hivyo kwa kuchelewesha mwanga kidogo kidogo kwenye mamia ya njia ndani ya chipu, hadi mawimbi yakijumlishwa yanaelekea upande mmoja. Katika majaribio ya nje ilipitisha gigabiti 10 kwa sekunde kwa umbali wa kilomita moja. Mwezi uliofuata Taara ikawa kampuni inayojitegemea. Kioo kilichoanza kikiwa juu ya miguu mitatu, kikawa punje, sasa kinaelekea kupotea na kubaki programu.

Sasa hoja yangu. Ukiisoma historia hii kwa makini utaona kwamba tangu 1869 hadi leo, kupata mwanga hakujawahi kuwa kazi ngumu kuliko kuuelekeza. Jua lilikuwapo, leza ikaja, mkongo ukafika. Kilichobaki kila mara ni swali la mwanga uende wapi. Na hilo si swali la kihandisi peke yake. Kinshasa hawakuwa walipaji wa bei mara tano kwa sababu mwanga ulikosekana. Walilipa kwa sababu njia ilizunguka, na aliyelipa mzunguko ni mtumiaji wa mwisho.

Tulionjeshwa uchungu huo Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika kwenye bahari ya kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Wenye biashara za mtandaoni walikaa wakitazama simu kama picha ya ukutani. Siku ile wengi tulijua kwamba tuna mlango mkubwa upande wa bahari lakini njia chache za kupitia.

Ndiyo maana nasema mjadala wa intaneti nchini usiishie kwenye "mkongo umefika" wala kwenye bei ya bando. Tuulize njia. Inakata kona wapi kabla ya kufika Mbagala? Nani ameamua ianzie Masaki na si Yombo? Kuna shule ngapi Kigamboni zinazouona mji kwa macho lakini data yake inazunguka? Vijana wanaosoma elektroniki pale Chuo Kikuu na DIT wana mchango hapa, kwa sababu sakiti ya kuendesha kioo na programu ya kufuata mwale ni kazi ya benchi na akili. Haihitaji kuwa na meli ya kulaza mkongo.

Mwaka 1879 waya ulifika Zanzibar, bara likasubiri. Mwaka 2009 mkongo ulifika Dar, na pembezoni bado panasubiri. Safari hii kifaa cha kuvusha kinabebeka na kufungwa juu ya paa, na majirani zetu wameshakijaribu. Wenye mitandao, wenye mamlaka na sisi wateja tunaolipa, nani ataanza kukielekeza huku uswahilini?

Nawakilisha. Mwenye la kuongeza, uwanja ni wenu.